Rangi ya Chumba Kimoja Chenye Kazi Nyingi

(Maneno yaliyosemwa na Halmashauri Ndogo ya Nyumba, tawi la Mombasa, mbele ya wajumbe wa matawi mengine ya chama.)



Tumeitwa tusimame hapa tueleze jambo ambalo wengine wenu mlilichekea mliposoma orodha ya mazungumzo ya leo. Mliona habari ya mishahara, habari ya likizo, habari ya vibarua wasioandikwa kazi, kisha mkaona habari ya kupaka rangi. Hatuwalaumu. Sisi wenyewe tulipopewa kazi hii na mkutano wa tawi tulidhani ni kazi ya Jumamosi moja: kununua mikebe, kumwita fundi, basi. Ilituchukua miezi mitatu na mikutano mitano, na katika mkutano mmoja wapo tulikaribia kugawanyika. Kwa kuwa baadhi ya matawi yametuandikia kuuliza tulivyofanya, twaeleza yote, pamoja na makosa yetu.

Kwanza kijueni chumba chenyewe. Kina urefu wa mita 4 na nusu, upana mita 3 na sentimita 60, yaani kama futi 15 kwa 12. Kimo chake ni mita 2 na sentimita 70. Kina mlango mmoja na madirisha mawili, na dirisha moja latazama magharibi. Ndicho chumba pekee cha tawi. Asubuhi karani wetu hukaa humo kupokea wanachama wenye mashtaka. Adhuhuri watu hula humo. Jioni kuna darasa la kusoma na kuandika. Jumatatu usiku viongozi wa makazini hukutana. Jumamosi kina mama washonaji huleta vyerehani vyao, na watoto huwafuata. Mwanachama akifiwa, mikutano ya kuchanga kwa ajili ya kusafirisha maiti huwa humo humo. Hata hivyo twashukuru. Januari 1947, wafanya kazi wa Mombasa walipogoma, walikusanyika wazi uwanjani, pahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Sisi tuna kuta nne na dari.

Lakini kuta hizo zilikuwa za kijani kizito, kutoka sakafuni hata darini. Hakuna aliyeichagua rangi hiyo. Miaka iliyopita mtu alipata mikebe kwa bei ya chini, ikapakwa yote mpaka ikaisha. Tulizoea. Karani alilalamika kwamba macho yamuuma, tukamwambia akapimwe miwani. Wanafunzi wa jioni waliacha kuja mmoja mmoja, tukasema watu wazima hawana bidii. Kilichotuamsha ni jambo la uzi.

Kina mama walikuwa wamepata kazi ya kushona mashati ya shule, ya samawati. Walichagua uzi humo chumbani, jioni, taa ikiwaka. Waliuweka juu ya kitambaa wakaona ni kitu kimoja, hakuna tofauti. Asubuhi walipoyatoa mashati nje juani, uzi ulikuwa wa kijani juu ya kitambaa cha samawati, waonekana wazi kama kovu. Mashati 14 yalifumuliwa yakashonwa upya, na faida ya mwezi ule ikaenda na uzi. Mama mmoja akaja mbele ya halmashauri na shati mkononi. Hakupiga kelele. Alilishika shati karibu na ukuta, kisha akatoka nalo mlangoni, akarudi tena karibu na ukuta, akatutazama. Tulielewa.

Nuru ikiugonga ukuta hairudi kama ilivyokwenda. Hurudi imevaa nguo ya ukuta. Katika chumba kikubwa jambo hili halina nguvu sana, kwa kuwa kuta ziko mbali. Katika chumba kidogo ukuta u begani pako, na nuru yatoka ukuta huu kwenda ule, yarudi tena, na kila mara huchukua rangi zaidi. Ndiyo sababu rangi iliyo nzuri juu ya kile kikaratasi cha dukani huwa kali mno ikipakwa kuta nne za chumba kidogo. Fundi wetu ana kanuni yake: ukishapenda rangi fulani katika kikaratasi, chagua iliyopauka kuliko hiyo kwa hatua mbili. Tumeijaribu, na ni kweli.

Basi mkutano mkuu wa tawi ukaamua chumba kipakwe upya, ukatuchagua sisi sita. Na hapa ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Tuliwauliza wanachama, "Mwataka rangi gani?" Ah! Vijana walitaka nyekundu, rangi ya wafanya kazi duniani kote. Wazee wawili walitaka samawati kwa kuwa hufukuza joto. Mmoja alitaka manjano ili chumba kichangamke. Ndugu mmoja alitaka rangi za timu yake ya mpira, hatutaitaja. Tulipiga kura, ikawa nyekundu kura 11, samawati kura 11. Mkutano ulifungwa kwa kelele.

Yule mama wa shati ndiye aliyetutoa. Alisema, "Mmeuliza nani anapenda nini. Hamkuuliza nani anafanya nini humo, na saa ngapi." Toka siku ile tuliacha kuuliza habari ya kupenda. Kwa juma zima tuliweka daftari mezani, na kila aliyeingia aliandika saa, kazi aliyokuja kuifanya, na mahali alipoketi. Tuliposoma daftari tuliona jambo ambalo hatukulitazamia: saa nyingi zaidi za chumba kile hazikuwa za mikutano. Zilikuwa za macho. Kusoma barua ya kufukuzwa kazi yenye herufi ndogo, kujaza karatasi za malipo ya kuumia kazini, kutunga uzi sindanoni, kunakili kutoka ubaoni. Na nyingi zilikuwa baada ya saa kumi na mbili jioni, tena wengi wa watu hao walikuwa wamepita miaka 50. Wataalamu wa macho husema jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi moja tu ya nuru ipokelewayo na jicho la kijana wa miaka 20. Basi kijana akisema chumba kina nuru ya kutosha asema kweli yake, lakini mzee aliye kando yake yumo gizani.

Kwa hiyo tulikubaliana hivi: anayefanya kazi iliyo ngumu kabisa kwa macho ndiye atakayetawala rangi ya chumba, na wengine wote watamfuata. Wakati wa mkutano mtu aweza kusikiliza hata akiwa na ukuta mweusi.

Tulianza kuhesabu nuru. Ukuta mweupe safi hurudisha kadiri ya sehemu 80 katika kila sehemu 100 za nuru zinazoufikia. Krimu iliyopauka hurudisha kadiri ya 70. Samawati au kijani cha wastani hushuka chini ya 50. Kijani kizito kama kile chetu hurudisha pengine 10 tu, na zile nyingine zote humezwa ukutani. Twalipa stima kila mwezi, ndugu zangu, halafu twaulisha ukuta.

Mwaweza kuuliza, mbona basi tusipake nyeupe tupu tukamaliza? Tuliuliza vile vile. Dari tulilipaka nyeupe, maana hakuna anayeligusa na hakuna anayelikodolea macho, na nuru ya taa huligonga kwanza. Lakini kuta ni jambo jingine. Saa kumi alasiri jua la magharibi huingia moja kwa moja dirishani mwetu, na ukuta mweupe ulio mkabala nalo humpiga karani usoni. Tena ubao wa darasa ni mweusi. Macho yakitoka ubaoni kwenda kwenye ukuta mweupe kabisa, kisha yakarudi ubaoni, huchoka upesi, kwa kuwa kila mara ni lazima yajifungue na kujifunga. Ukuta unaobeba ubao wapaswa uwe na weusi kidogo kuliko kuta nyingine.

Ndipo tukafanya lile jambo ambalo twawashauri matawi yote mlifanye, hata kama hamtashika neno jingine katika haya yote. Msichague kwa kikaratasi cha dukani. Tulichukua vipande vitatu vya mbao nyembamba, kila kimoja kama ukubwa wa mlango wa kabati, tukavipaka rangi mbili mbili, tukavisimamisha chumbani juma moja. Kila siku tulivihamisha: leo kando ya dirisha, kesho pembeni penye giza, kesho kutwa nyuma ya ubao. Tulivitazama saa tatu asubuhi, saa kumi alasiri, na saa mbili usiku. Rangi moja ya krimu tuliyoipenda sote mchana ilikuwa, usiku, kama samli iliyoganda. Hapo tukajua kwamba kosa halikuwa la rangi peke yake bali la taa. Taa za siku hizi zina nambari juu ya boksi: 2700 ni nuru ya manjano kama ya moto wa mkaa, 6500 ni nyeupe inayoelekea samawati. Tulijaribu zote mbili. Kwa ile 6500 krimu yetu iligeuka kijivu, na nyuso za watu zikawa kama za wagonjwa. Tulichukua 4000, iliyo katikati, na kina mama wakaleta nyuzi zao kumi wakazipanga juu ya meza. Walipotoka nazo nje asubuhi hazikuwa zimebadilika. Hiyo ndiyo iliyokuwa kura yetu ya kweli.

Sasa habari ya nyekundu. Hatukutaka vijana waone kwamba wamepuuzwa, maana hoja yao haikuwa ya mapambo. Walisema kwamba mtu akiingia katika ofisi ya chama ajue ameingia kwa wenzake, si katika kliniki. Ni kweli. Lakini kina mama walikuwa wamekwisha kutuonyesha jinsi ukuta wa rangi kali unavyofanya kitambaa, na nyekundu ingefanya vibaya vile vile kama kijani. Tena fundi wetu, ambaye ni mwanachama na amepaka rangi miaka 30, alisimama akatuambia neno lililotunyamazisha.

Alisema tuogope rangi za mafuta zilizo kali: manjano, chungwa, nyekundu, na kijani kinachong'aa. Si kwa sababu ya uzuri wala ubaya wake, bali kwa sababu ya madini ya risasi. Ndugu, twataka mlisikilize hili vizuri. Tangu zamani risasi imetiwa katika rangi ili ing'ae, ikauke upesi, na isipauke juani, na manjano na nyekundu nyingi zilizo kali zilipata ukali wake kwa madini hayo. Mwaka 1921, huko Geneva, Shirika la Kazi la Dunia lilipitisha Mkataba nambari 13 kuzuia risasi nyeupe isitumiwe katika kupaka ndani ya nyumba, isipokuwa kwa ruhusa chache, kwa kuwa wapaka rangi walikuwa wakiumwa matumbo, wakilegea viganja, wengine wakifa. Huo ni mkataba uliozaliwa na taabu ya wafanya kazi. Lakini ulishughulikia risasi nyeupe. Zile za manjano na nyekundu ziliendelea kuuzwa miaka mingi. Leo kiwango cha Kenya hakiruhusu risasi izidi sehemu 90 katika milioni, na Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara mwilini. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, maana huvidhuru akili zake, na madhara hayo hayarudi nyuma. Na nani huketi sakafuni Jumamosi katika chumba chetu, akipitisha vidole ukutani kisha mdomoni?

Basi tuliamua hivi. Kila mkebe tulioununua ulikuwa na alama ya KEBS na maneno kwamba haina risasi, na duka lisiloweza kutuonyesha tuliliacha. Rangi kali za mafuta hatukununua kabisa. Na ule ukuta wa zamani, ambao hakuna ajuaye mikebe yake ilitoka wapi, hatukuukwangua mkavu. Hapa tulimzuia kijana mmoja wetu aliyekuja na msasa na bidii nyingi. Vumbi la msasa mkavu ndilo hasa lenye hatari, kwa kuwa huvutwa puani na hukaa mavumbini siku nyingi. Tulilowesha kwanza, tukasugua kukiwa majimaji, tukatandika karatasi ya nailoni sakafuni, tukaikunja pamoja na taka zake. Fundi na msaidizi wake walivaa vitambaa vya pua vya kufaa, si leso. Nguo zao zilifuliwa peke yake. Watoto hawakuingia mpaka sakafu ikapigwa deki mara mbili. Fundi alituambia kwamba katika miaka yake 30 hakuna mwajiri hata mmoja aliyemwambia afanye hivyo. Neno hilo twaliacha kwa wajumbe walio katika kazi za ujenzi.

Vijana basi walipata nini? Walipata mlango. Upande wa nje tuliupaka ile rangi iitwayo damu ya mzee, kutoka mkebe wa lita moja wenye maneno tuliyoyataja, na bendera ya chama, ya kitambaa chekundu, hutundikwa siku za mikutano na kukunjwa baadaye. Kijana mmoja alisema kwamba bendera inayokunjwa ni afadhali kuliko ukuta, kwa kuwa ukuta ukizoeleka hauonekani tena. Hatujui kama alisema hivyo kwa kuridhika au kwa kutufariji.

Tuje chini ya ukuta. Mafundi huiita dado, ile sehemu inayopakwa rangi nzito zaidi, ya mafuta, ili iweze kufutwa. Chumba chenye kazi nyingi hakiwezi kukosa dado, maana viti huegemezwa, vyerehani huburutwa, watoto huweka miguu. Swali ni kimo chake. Wengi hupaka mita moja na kidogo kwa mazoea. Sisi tulimwomba Mwenyekiti aketi kitini aegemee ukuta, tukapiga mstari kwa chaki nyuma ya kichwa chake. Kilipofika kichwa, na mafuta ya nywele yakiwa ni mafuta ya nywele, palikuwa mita moja na robo. Tukaongeza kidogo kwa ajili ya walio warefu kumshinda, ikawa mita moja na sentimita 40. Rangi yake ni ya hudhurungi iliyopauka, kama mchanga wa ufuoni uliolowa. Haionyeshi vumbi, wala haivuti macho. Tulichukua ile isiyong'aa sana, kwa sababu rangi ya mafuta inayong'aa humrudishia mtu taa machoni.

Lakini ukuta mmoja ulitukatalia. Nyumba yetu ni ya mawe ya tumbawe kama nyumba nyingi za zamani hapa mwambao, na nyuma ya ukuta ule mfupi kuna tangi la maji. Mawe haya hunywa maji, na chumvi huota juu ya plasta kama unga. Kosa letu la pili ni kwamba tuliupaka rangi ya mafuta kama kuta nyingine. Baada ya majuma sita ilifura malengelenge, tukayabonyeza yakatoa maji. Rangi ya mafuta ilikuwa imeufunga ukuta mdomo. Mzee mmoja mwanachama, aliyezaliwa Mji wa Kale, alicheka sana. Alituuliza tulidhani wazee walipaka chokaa kwa umaskini? Chokaa huacha ukuta upumue, maji yakatoka nje polepole. Tukabandua yote, kwa maji, tukarekebisha bomba la tangi, ambalo ndilo lililokuwa mzizi wa mambo, tukauacha ukuta ukauke miezi miwili ya kaskazi, kisha tukapaka chokaa iliyotiwa udongo mwekundu kidogo ili ikaribiane na dado. Haifanani kabisa. Ukiegemea hukupa unga mgongoni, kwa hiyo hapo tumeweka kabati la majalada, tukaliacha mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Ndugu wa matawi ya pwani, msipake rangi ya mafuta juu ya ukuta wa tumbawe wenye maji. Na msipake wakati wa masika. Mwezi wa Mei hapa kwetu hakuna kitu kinachokauka.

Sasa tufike pale tulipokaribia kugawanyika.

Katikati ya kazi hii fedha zilipungua. Ndipo likaja pendekezo kutoka kampuni moja, ambayo hatutaitaja. Mmeona jinsi maduka yanavyopakwa bure barabarani, kila duka likavaa rangi za kampuni na jina lake kubwa mbele. Kampuni hii ilitaka kutupakia chumba nje na ndani, kwa mafundi wake na mikebe yake, pasipo sisi kutoa hata shilingi. Sharti lilikuwa rangi ziwe zake, na alama yake iwe juu ya mlango. Walituonyesha picha. Zilikuwa rangi nzuri, safi. Hata krimu yetu ya ndani walikuwa tayari kuikubali, mradi ukuta mmoja uwe wao.

Katika sisi sita, watatu walisema tukubali. Hawakuwa wasaliti, na twaomba mtu asiwaite hivyo. Walisema fedha zitakazobaki zitanunua viti 20 na kulipa mwalimu wa jioni nusu mwaka. Walisema rangi ni rangi, haina mdomo. Mweka Hazina wetu alikuwa mmoja wao, naye ndiye anayejua jinsi ada zinavyokusanywa kwa taabu.

Watatu walikataa, lakini hoja yao haikuwa na nguvu mwanzoni. Walisema maneno ya heshima ya chama na kadhalika. Kisha karani, ambaye hana kura katika halmashauri, aliomba aseme. Alisema kwamba kampuni ile ina wafanya kazi ambao ni wanachama wetu. Mwezi uliopita walikuja wawili, wasichana wa kupakia bidhaa, kueleza jambo ambalo msimamizi wao aliwatendea. Walisimama mlangoni kwa muda mrefu kabla ya kuingia. Mmoja alitazama nyuma barabarani mara mbili. Karani akatuuliza, siku ile, kama mlango ungekuwa na jina la kampuni yao, wangeingia?

Hatukupiga kura. Mweka Hazina aliyaandika majibu ya kukataa kwa mkono wake mwenyewe.

Fedha zilipatikanaje? Polepole. Kila kikundi kinachotumia chumba kilichukua sehemu yake: washonaji dari, darasa la jioni ukuta wa ubao, viongozi wa makazini dado. Wanachama wengine walituma kwa simu, shilingi 50, shilingi 100, na majina yao yote yalisomwa mkutanoni, aliyetoa 20 akatajwa kama aliyetoa 500. Jambo moja tu lilitufedhehesha. Fundi wetu alikuwa amejitolea kufanya kazi bure, nasi tulikuwa tumekubali kwa furaha, tukaandika hata barua ya shukrani. Mwanachama mmoja mwanamke akauliza mkutanoni, ikiwa chama cha wafanya kazi ndicho cha kwanza kumfanyisha fundi kazi bila mshahara, nani atafuata? Hatukuwa na jibu. Fundi alilipwa ujira wake kamili kwa siku tisa, na msaidizi wake pia. Alichangia sehemu ya fedha hizo baadaye kwa hiari yake kama wanachama wengine, na alipata risiti.

Hesabu ya mikebe ni hii, mpate kuilinganisha na vyumba vyenu. Kuta zote, tukitoa mlango na madirisha, ni mita za mraba 39, na dari ni 16. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kadiri ya mita za mraba 10 kwa mkono mmoja juu ya ukuta uliokwisha kupakwa. Ukuta mpya hunywa zaidi. Rangi ya mafuta huenda mbali kidogo, kama 12. Kila kitu hupakwa mikono miwili. Basi dari lilimaliza mkebe wa lita 4 ukabaki na maji ya chini tu. Kuta za juu, krimu, lita 4, zikabaki kama lita moja. Ukuta wa ubao, ambao ni kijani kilichochanganyika na kijivu, kilichopauka sana, lita moja tu ikatosha. Dado, lita 4, ikabaki lita moja na zaidi. Kabla ya hayo yote kulikuwa na rangi ya kwanza ya kufunika kile kijani kizito, lita 4 nyingine, ambayo hatukuiweka katika hesabu yetu ya mwanzo, na hilo ni kosa letu la tatu. Kijani kizito hakifunikwi na krimu peke yake, hata ukipaka mikono minne. Hutokeza tena kama deni.

Mwanafunzi mmoja wa jioni, mzee wa bandarini, amerudi darasani. Alituambia kwamba hakuwa ameacha kwa uvivu. Alikuwa haoni ubao, akaona haya kusema. Karani amenunua miwani hata hivyo.

Mabaki ya mikebe yamefungwa na kuandikwa tarehe, yako chini ya kabati. Ndugu wa tawi lolote atakayetaka kukiona chumba aje saa kumi alasiri, jua likiwa dirishani, kisha angoje mpaka taa ziwashwe. Zile mbao tatu za majaribio twaziazima kwa atakayezitaka, mradi azirudishe. Sasa tuko tayari kwa maswali.